ACHENI KUIPAMBA QUR'ANI KWA HESABU ZA UONGO



Ndugu zangu katika imani, leo naanza na aibu yangu mwenyewe, asije mtu akasema sheikh anawasema wenzake tu.

Miaka kadhaa nyuma nilipanda mimbari siku ya Ijumaa nikawaambia watu hivi: neno "bahari" limetajwa katika Qur'ani mara 32, na neno "nchi kavu" mara 13. Jumla yake ni 45. Gawa 32 kwa 45, unapata asilimia 71. Gawa 13 kwa 45, unapata asilimia 29. Na maji yamefunika kama asilimia 71 ya uso wa dunia! Msikiti mzima ukasema Subhanallah. Mzee mmoja wa safu ya mbele alifuta machozi. Mimi habari ile nilikuwa nimeipata kwenye simu usiku wa kuamkia Ijumaa. Nilichohakiki ni ule mgawanyo tu. Nikaona unatoka, nikaridhika.

Wiki ya pili yake, baada ya Alasiri, akanijia kijana wa kidato cha tatu ameshika daftari. Akanisalimu, akakaa, kisha akasema kwa adabu: "Ustadhi, nimehesabu. Haitoki."

Nilimwambia, "Mwanangu, umekosea." Tukafungua Mu'jam ya Muhammad Fuad Abdul-Baqi, kile kitabu kinachopanga maneno yote ya Qur'ani, tukahesabu pamoja kwa kidole. Neno "bahr" pamoja na maumbo yake yote linakuja mara 41. Ili uipate 32, kwanza uitupe ile ya uwili, "bahrain", iliyokuja mara 5. Kisha uitupe ya wingi, "bihar" na "abhur", mara 3. Hapo unabaki na 33, na bado lazima utafute moja nyingine ya kutupa. Upande wa nchi kavu ni kinyume chake: "barr" linakuja mara 12 tu, basi wakaongeza neno jingine kabisa, "yabas", katika kisa cha Nabii Musa kwenye Suratu Twaha, ili wafike 13. Huku wamepunguza, kule wameongeza, mpaka namba ikakaa pale walipoitaka.

Kijana akanitazama akaniuliza: "Ustadhi, kama hili ulilotuambia mimbarini si kweli, yale mengine nitayajuaje?"

Sikuwa na jibu. Na kwa siku nyingi baada ya hapo sikumuona msikitini.

Ndugu yangu unayesoma, swali la kijana yule ndilo lililonifanya niandike leo. Kila siku napokea posti hizi. "Siku" imetajwa mara 365. Namba fulani imejificha katika sura fulani. Mwanasayansi fulani amesilimu baada ya kugundua jambo fulani. Chini yake imeandikwa: tuma kwa watu kumi, usipotuma shetani amekuzuia. Mimi nasema posti hizi haziitumikii dini. Zinaidhuru. Zinamfundisha mtoto wako kwamba ukweli wa Qur'ani unasimama juu ya hesabu, na siku akiikuta hesabu ni ya uongo, ataidondosha yote kwa pamoja.

KWA NINI HESABU HIZI HUONEKANA ZINATOKA?

Utaniambia: "Sheikh, lakini haiwezi kuwa sadfa." Hapo ndipo tunapoliwa. Sisi wanadamu tuna udhaifu mkubwa wa kukisia sadfa. Nikupe jambo moja la kweli ambalo ukilisikia mara ya kwanza utalikataa.

Chukua darasa la madrasa lenye wanafunzi 23. Sizungumzii kusherehekea birthday, nazungumzia tarehe tu. Ni uwezekano gani kwamba wawili kati yao wamezaliwa siku na mwezi mmoja? Mwaka una siku 365, wanafunzi ni 23 tu. Wengi watasema ni mdogo sana. Jibu sahihi ni kwamba uwezekano umevuka nusu, karibu asilimia 50.7. Wakiwa 70, uwezekano unafika asilimia 99.9. Ni karibu uhakika.

Vipi? Kwa sababu hukuuliza, "Nani amezaliwa siku moja na Juma?" Uliuliza, "Je, wako wawili wowote wanaolingana?" Wanafunzi 23 wanatengeneza jozi 253, na kila jozi ni nafasi mpya ya kulingana. Nenda kajaribu katika madarasa matatu au manne ya mtaani kwako.

Sasa rudi kwenye posti zako. Qur'ani ina maneno zaidi ya 77,000. Jozi zake hazihesabiki. Mtu akikaa na kompyuta bila kusema mapema anatafuta nini, akijiruhusu leo ahesabu umoja na kesho wingi, leo pamoja na "al" na kesho bila "al", atakosaje kupata kinacholingana? Atapata katika kitabu chochote kikubwa, hata kitabu cha simu.

Na si maneno yangu. Mwaka 1997 mwandishi wa Marekani, Michael Drosnin, alitoa kitabu akidai kuwa katika Taurati ya Kiebrania, ukiruka herufi kwa mpangilio, unakuta habari za viongozi wa zama zetu na kuuawa kwao. Akawaambia wapinzani wake: nionyesheni kuuawa kwa waziri mkuu ndani ya Moby Dick, nami nitawaamini. Moby Dick ni riwaya ya Kimarekani ya kuwinda nyangumi. Brendan McKay, mtaalamu wa hesabu wa Australia, akaichukua riwaya hiyo, akatumia njia ileile, akatoa "utabiri" wa vifo vya viongozi kadhaa. Je, mwandishi wa hadithi ya nyangumi alikuwa nabii? Basi kama hatukubali kwa nyangumi, na hatukubali kwa akina Drosnin, kwa nini tukubali njia ileile inapoletwa na mtu mwenye kofia na kanzu?

NJIA HII IMEWAFIKISHA WAPI WALIOTUTANGULIA

Wapo watakaosema, "Hata kama hesabu haiko sawasawa, nia ni njema." Ngoja nikukumbushe habari ya Rashad Khalifa. Alikuwa Mmisri, msomi wa kemia ya viumbe, aliyeishi Tucson, Marekani. Mwaka 1974 alitangaza kwamba ameigundua kwa kompyuta siri ya namba 19 katika Qur'ani. Watu walishangilia. Vitabu vikachapwa, wahadhiri wakahubiri. Kisha akazikuta aya mbili za mwisho za Suratu Tawba haziingii katika hesabu yake. Alifanya nini? Hakuiacha hesabu. Alizikataa aya! Akasema zimeongezwa na watu. Na hakuishia hapo, akadai yeye mwenyewe ni mjumbe wa Mwenyezi Mungu. Audhubillah.

Tazama mpangilio wake. Mwanzo namba ilikuwa mtumishi wa Qur'ani, mwisho Qur'ani ikawa chini ya namba. Ukishakubali kwamba hesabu ndiyo ushahidi, basi siku hesabu ikigoma, kimoja lazima kiondoke.

Na vipi kuhusu Neil Armstrong, kwamba alisikia adhana mwezini akasilimu? Tumeisikia tangu utotoni, na mpaka leo inasomwa mihadharani. Mwezini hakuna hewa. Sauti inahitaji kitu cha kupitia. Pasipo hewa hakuna adhana itakayokufikia kutoka mbali. Wale wanaanga walisikilizana kwa redio tu. Mwanafunzi wa sekondari analijua hilo. Na mtu mwenyewe alikanusha. Mwaka 1983 Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani ilituma ujumbe kwa balozi zake katika nchi za Kiislamu kueleza kwamba Armstrong hakusilimu. Miaka zaidi ya arobaini imepita na sisi bado tunamsilimisha!

Huko si kumzulia mtu? Suratul Hujurat, aya ya 6, inatuamrisha tuhakikishe habari kabla hatujawadhuru watu kwa ujinga. Mtume wetu (s.a.w.) ametuonya juu ya mtu anayesimulia kila anachokisikia, na katika Sahih Muslim hilo limehesabiwa kuwa ni uongo wa kumtosha. Hakuna mahali palipoandikwa "isipokuwa kwenye WhatsApp."

YA KWELI NI MAKUBWA KULIKO YA UONGO

Jambo linaloniuma zaidi ni kuwa tunazua maajabu ilhali ya kweli yamejaa mbele ya macho yetu.

Angalia safu ya swala. Watu watatu wanaweza kujipanga kwa namna 6. Wanne, namna 24. Watano, namna 120. Kumi je? Namna 3,628,800. Fanya watu kumi wanaswali pamoja vipindi vitano kila siku, na kila swala wajipange kwa namna mpya isiyojirudia. Mpaka wamalize namna zote itachukua zaidi ya miaka 2,000 ya Hijria. Lau wangeanza siku aliyoingia Mtume (s.a.w.) Madina, leo bado wangekuwa hawajamaliza. Na hao ni watu kumi tu!

Safu ya watu ishirini ndiyo usiseme. Hata wangebadilishana nafasi kila sekunde bila kulala, wangehitaji zaidi ya miaka bilioni 75. Umri wa ulimwengu wote, kwa makadirio ya wanasayansi wa leo, ni miaka bilioni 13.8. Ijumaa ijayo ukisimama kwenye safu, geuza macho kulia na kushoto. Inawezekana kabisa mpangilio huo haujawahi kuwepo kabla, na hautarudi tena.

Au nenda ufukweni kabla ya Magharibi. Litazame jua linapogusa maji kwa ukingo wake wa chini. Unaliona lote, duara jekundu. Lakini hewa ya dunia huupinda mwanga. Kwa mstari ulionyooka, wakati huo jua lenyewe kwa kawaida limeshateremka chini ya upeo. Unaona sura yake iliyoinuliwa na hewa. (Usije ukafuturu mapema ukasema sheikh kasema! Sheria imefungamana na kuonekana kuzama kwake, si na hesabu hiyo.)

Haya hayahitaji kupunguza wala kuongeza neno la mtu. Ukikagua leo utayakuta, ukikagua kesho utayakuta. Na wala sisemi kwamba haya ni "miujiza ya namba". Nasema ni katika kazi ya Muumba, na Qur'ani imejaa wito wa kuitazama kazi hiyo. Kuitazama, sio kuizulia.

WALIOTUTANGULIA HAWAKUFORWADI

Tunapenda kujisifu kwa al-Khwarizmi. Sawa, tujisifu, lakini tujue alifanya nini. Alikuwa Baghdad zama za Khalifa al-Ma'mun. Kitabu chake cha al-jabr ndicho kilichoipa elimu ya aljebra jina lake, na jina lake mwenyewe ndilo asili ya neno algorithimu linalotumiwa na watu wa kompyuta. Sehemu kubwa ya kitabu hicho ni masuala ya wasia na mirathi: mtu kafa kaacha mke, mabinti na deni, kila mmoja apewe ngapi. Kwake hesabu ilikuwa njia ya kumfikishia yatima haki yake.

Na al-Biruni, aliyezaliwa mwaka 973, alitaka kujua ukubwa wa dunia. Alipanda mlima karibu na ngome ya Nandana, katika Pakistani ya leo, akapima urefu wa mlima, akapima jinsi upeo unavyoinama ukitazamwa kutoka juu yake, akakokotoa nusu-kipenyo cha dunia. Alipata jibu lililo karibu na la leo. Hakusema, "Nimetumiwa."

Huyu huyu al-Biruni alikokotoa fumbo la ubao wa sataranji: punje moja ya nafaka katika chumba cha kwanza, mbili cha pili, nne cha tatu, unaendelea kuzidisha mara mbili mpaka chumba cha 64. Jumla ni punje 18,446,744,073,709,551,615. Hakuna ghala la mfalme yeyote litakalotosha. Lishike fumbo hilo, maana linatufikisha kwenye mifuko yetu.

ASIYEJUA HESABU HULIWA

Mama mmoja wa darasa letu la akina mama alikuja kwangu akilia. Aliingizwa katika mpango wa kwenye simu: toa pesa yako, leta watu sita, kila mmoja wao alete sita, na pesa itakujia mpaka uchoke. Alitoa akiba yake ya kwenda Hija. Mpango ukafungwa, wenyewe wakatoweka. Na nilipomuuliza aliupata wapi, alinionyesha grupu. Ndani yake, kila asubuhi, kulikuwa na "muujiza wa namba" mmoja. Ndugu zangu, waliomzoesha kusema Subhanallah bila kuhesabu ndio waliomwambia atoe pesa bila kuhesabu.

Tukahesabu pamoja, yeye na mimi, kwa kalamu. Daraja la kwanza watu 6. La pili 36. La tatu 216. La tano 7,776. La kumi 60,466,176. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu Watanzania 61,741,120. Maana yake daraja la kumi peke yake linakaribia kuimaliza nchi nzima, pamoja na watoto wachanga na wagonjwa mahututi. Daraja la kumi na tatu linahitaji watu zaidi ya bilioni 13, na dunia yote ina kama bilioni 8. Mpango kama huo hauwezi kusimama hata ukiendeshwa na mawalii. Mama akaitazama karatasi, akaniambia: "Ustadhi, kumbe ni hivi tu? Mbona hamkutufundisha?"

Mbona hatukuwafundisha? Tumewafundisha bahari 32 na nchi kavu 13.

MAJIBU KWA WATAKAONIPINGA

Atasema mmoja: "Sheikh, unapinga miujiza ya Qur'ani." Hasha. Qur'ani imewashinda Waarabu kwa maneno yake ilipoteremka, na imewageuza watu waliozika mabinti wakawa watu wa uadilifu. Hao hawakuwa na kikokotozi. Bilal hakuhitaji asilimia 71 alipowekewa jiwe kifuani.

Atasema wa pili: "Lakini watu wanasilimu kwa posti hizi." Na wanaotoka, umewahesabu? Anayeingia kwa uongo ana siku moja tu ya kuugundua. Mimi namjua kijana mmoja aliyekaribia kutoka, na aliyemfungulia mlango ni mimi.

Atasema wa tatu, naye ana chaneli yake: "Posti hizi ndizo zinazoleta watazamaji." Kwa huyo sina la kuongeza. Amejijibu.

BASI TUFANYE NINI?

Kwanza, ukiletewa ajabu lolote lenye namba, hesabu mwenyewe kabla hujatuma. Ukishindwa kuhesabu, usitume. Kunyamaza hakuna dhambi.

Pili, uliyokwisha kutuma na ukajua si kweli, rudi pale pale ukanushe. Mimi nilirudi mimbarini Ijumaa iliyofuata nikasema mbele ya watu wote: niliyowaambia kuhusu bahari na nchi kavu hayakuwa sahihi, na aliyenisahihisha ni kijana wa kidato cha tatu. Ulimi ulikuwa mzito. Lakini nilipoteremka, yule mzee aliyefuta machozi alinishika mkono akaniambia, "Sasa nakuamini zaidi."

Tatu, usimwambie mtoto kwamba somo la hesabu ni la makafiri au ni la wenye vichwa maalumu. Huwezi kugawa mirathi bila sehemu za nane na za sita. Huwezi kutoa zaka bila kuzijua asilimia mbili na nusu.

Kijana yule habari zilimfika, akarudi. Leo amemaliza kidato cha sita, na kila Jumamosi anakaa na wenziwe barazani pa msikiti akiwafundisha hesabu za mirathi. Sijawahi kumuuliza kama alinisamehe. Lakini kila ninapotaka kusema namba yoyote mimbarini, namtafuta kwanza kwa macho alipokaa.

Mwenyezi Mungu atuepushe na kuitetea haki kwa batili, na atujaalie tuwe wakweli hata kwa namba moja.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.